Pengo Kati ya Picha Mbili

Katika vituo vingi vya afya vya Bujumbura, kuanzia Kinama hadi Kanyosha, utakikuta mezani au juu ya kabati: kitabu cha kurasa ngumu, kimebanwa kwa waya upande wa juu, kinasimama chenyewe kikifunguliwa. Wanaofanya kazi nacho hukiita boîte à images, kwa Kifaransa, hata mazungumzo yote yakiwa ya Kirundi au Kiswahili. Upande mmoja wa kila karatasi una mchoro mkubwa. Upande wa pili una maandishi. Mhudumu hukaa nyuma akasoma yake, akina mama hukaa mbele wakatazama yao, na karatasi ikigeuzwa, pande zote mbili zinahama pamoja.

Nakipenda chombo hiki, na kadiri ninavyokitazama ndivyo ninavyozidi kumheshimu mtu aliyekaa na penseli kuchora ule upande usio na maneno. Mchoraji wa katuni gazetini ana kiputo cha maneno cha kumwokoa. Mchoro ukishindwa, mhusika atasema mwenyewe. Huyu wa boîte à images hana pa kukimbilia. Anayeutazama mchoro wake huenda hakukaa darasani hata mwaka mmoja, au amesoma kwa lugha nyingine, au ana mtoto mgonjwa mgongoni na hana subira ya mafumbo. Katika mji huu Kirundi, Kifaransa na Kiswahili hupokezana katika sentensi moja, na tangu 2014 Kiingereza nacho kimeingizwa katika sheria kuwa lugha rasmi. Mchoro unatakiwa uwapitie wote hao bila kumwacha mtu mlangoni.

Wachoraji wa magazeti tunawajua kwa majina, na wanastahili. Godfrey Mwampembwa, yaani Gado, aliyezaliwa Dar es Salaam na kuanza kuchora katika gazeti la Nation jijini Nairobi mwaka 1992, anaweza kumweka rais mzima kwenye paji la uso na jozi ya viatu. Philip Ndunguru aliyechora katika jarida la Sani alifariki mwaka 1986 akiwa kijana kabisa, na hadi leo wachoraji wa Tanzania humtaja kwa heshima ya mwalimu. Ninaotaka kuwasifu hapa ni wengine: wale wanaochora mama na mtoto, bidoni la maji, mbu, shimo la taka. Jina la mchoraji huyo mara nyingi halimo popote kwenye kitabu. Jina la mfadhili limo, na nembo yake pia.

Chukua ukurasa mmoja tu, ule wa kibuyu chirizi. Chombo chenyewe hakina ugumu. Bidoni dogo la plastiki linaning'inia kwenye mti uliolazwa juu ya nguzo mbili, kamba imefungwa shingoni mwake, na mwisho wa kamba kuna kijiti kilicholala chini. Ukikanyaga kijiti, kamba inavuta, bidoni linainama, maji yanatoka kwenye tundu dogo, unanawa bila kushika kitu kwa mikono michafu. Kukitengeneza ni kazi ya muda mfupi kwa yeyote mwenye panga na msumari. Kukichora ndiyo kazi. Mchoro hausogei, na kila kilicho muhimu katika kibuyu chirizi ni mwendo.

Mchoraji ana mstari mmoja tu wa kusema kwamba jambo la chini ndilo linaloleta jambo la juu, nao ni kamba. Akiichora imelegea, mguu umekanyaga kijiti bure na maji yanatoka kwa miujiza. Akiichora imekazwa, imenyooka kutoka kwenye kijiti hadi shingo ya bidoni, jicho la mtazamaji linapanda nayo bila kuambiwa. Halafu mguu: kisigino kiinuke kidogo, uzito uonekane uko mbele, maana mguu uliolala bapa ni wa mtu aliyesimama tu. Halafu bidoni: likiinama kidogo mno utadhani limefungwa vibaya, likiinama mno utadhani linaanguka. Matone matatu au manne yanatosha, makubwa kuliko matone ya kweli, yakidondokea viganjani. Sabuni iko wapi? Imening'inizwa kwa uzi kando ya bidoni, na hapo mchoraji ana shida mpya, kwa sababu sasa kuna nyuzi mbili kwenye picha na moja tu ndiyo inayofanya kazi. Anayeijua kazi huifanya ile ya sabuni kuwa fupi na nyembamba, na kamba ya kijiti anaipitishia kalamu mara ya pili.

Tazama pia alichokiacha. Hakuna mgomba nyuma, hakuna kuku, hakuna mawingu. Lakini mlango wa choo upo, nusu yake, pembeni kushoto, uko wazi. Ungeweza kuufuta ili picha iwe safi zaidi, na ungekuwa umeiharibu, kwa kuwa mama huyu ananawa akitoka mahali fulani, na mahali hapo ndiyo sababu ya kunawa. Katika kuamua mlango ubaki na kuku aondoke, mchoraji amefikiri kuhusu kuhara kuliko wengi wanaotoa hotuba juu yake.

Nilikuwepo siku kijana mmoja alipopeleka karatasi zake Buyenzi kuwaonyesha watu kabla ya kuchapwa. Alikuwa amemchora mama anayenyonyesha, kuanzia kiunoni kwenda juu, uso umetulia, mkono umemshika mtoto vizuri. Kazi nzuri. Bibi mmoja aliishika ile karatasi, akaigeuza, akaiangalia nyuma, akairudisha.

"Mwanangu, huyu mama miguu yake imekwenda wapi?"

"Ipo, bibi. Imekatiwa na ukingo wa karatasi."

"Imekatwa?"

Kijana hakubishana. Alisema, "Nitamrudishia, bibi," akakaa kwenye benchi pale pale na kuchora upya: mama ameketi kwenye mkeka, miguu yote miwili imenyooshwa mbele, vidole vinaonekana. Uso ukawa mdogo zaidi na kwa jicho la mjini picha ikapoteza uzuri fulani. Bibi alipoiona safari hii hakusema kitu juu ya mama. Alianza kuzungumzia jinsi mtoto alivyoshikwa. Nakumbuka furaha ya yule kijana. Mtu akianza kubishana na mambo yaliyomo ndani ya picha, ujue picha yenyewe imeshakubaliwa.

Sisi tuliokulia mbele ya televisheni tumezoea kumwona mtu akikatwa kifuani, na tunajua bila kufikiri kwamba sehemu iliyobaki ipo nje ya fremu. Hiyo ni elimu, ingawa hakuna aliyetufundisha kwa makusudi. Mbu anayejaza ukurasa mzima ni jambo la aina hiyo hiyo: kwetu ni mbu aliyesogezwa karibu, kwa mwingine ni mnyama mkubwa ambaye, tunamshukuru Mungu, hayupo mtaani kwetu. Dawa ya hilo wachoraji wanaijua. Humweka mbu mdogo mahali pake, juu ya mkono wa mtu aliyelala, kisha kama lazima aonekane kwa ukubwa, humpa ukurasa wake peke yake, na msimulizi anaunganisha kwa mdomo.

Mwaka 1976 UNICEF ilitoa matokeo ya utafiti uliofanywa vijijini Nepal, ambako wanakijiji walionyeshwa vitu vile vile kwa mitindo mbalimbali: picha ya kamera, picha ya kamera iliyofutwa mandhari, mchoro wa mistari, kivuli cheusi, mchoro wa mistari wenye kivulikivuli. Wengi wetu tungedhani kamera ingeshinda, kwa kuwa ndiyo inayosema kweli tupu. Haikushinda. Kuna vitu vingi mno ndani yake na jicho halijui liende wapi. Lakini mchoro uliopunguzwa hadi kubaki mfano wa mtu nao ulianguka vibaya. Uliofanya vizuri kuliko yote ulikaa katikati, mchoro wa mkono wenye kivuli kidogo cha kuonyesha kwamba shavu ni la mviringo na kitambaa kina mikunjo. Mara nyingi tunawaambia wachoraji wetu "chora kitu rahisi" kana kwamba tunawapunguzia kazi. Urahisi huo una mpaka wake chini na mpaka wake juu, na kuupata ni kazi ya kuchora, kuonyesha, kufuta na kuchora tena.

David Werner aliifanya kazi hiyo kwa mkono wake mwenyewe. Alikuwa mwalimu wa biolojia aliyeishi na wanakijiji wa milima ya Sierra Madre huko Mexico, akaandika na kuchora kitabu cha tiba ambacho toleo lake la Kiingereza lilitoka 1977 na ambacho wasomaji wa Kiswahili wanakijua kama Mahali Pasipo na Daktari. Ukikifungua leo utaona mistari isiyo na majivuno: mgongo wa mzee, tumbo la mtoto, namna ya kumgeuza mgonjwa. Kwenye kitabu chake cha baadaye cha kuwafundisha wahudumu wa afya, alichoandika na Bill Bower na kilichotoka 1982, alisisitiza kwamba wahudumu wenyewe wachore, hata kama mkono ni mzito, kuliko kungoja mabango yaliyochapwa mbali. Mchoro wa mtu wa hapa una kitenge cha hapa na sufuria ya hapa, na ukikosewa, mwenye kuurekebisha yuko karibu.

Hapa Bujumbura mkono wa namna hiyo haujawahi kukosekana. Pita Buyenzi, karibu na soko la Ruvumera, kwenye mitaa ya gereji na vinyozi, utaona vibao vilivyochorwa kwa brashi: kichwa kilichonyolewa upande, gurudumu na pampu, kuku aliyechomwa. Ni kazi za haraka na sitazitukuza kupita kiasi. Ila kinyozi anayeweka vichwa vinne ukutani na mteja akanyoosha kidole kwa kimoja bila kusema neno, huyo ameshafanya mazungumzo ya biashara kwa brashi.

Picha moja ni jambo moja. Kusimulia kwa picha ni jambo jingine, na hapa ufundi unazidi kuwa mgumu, kwa sababu hadithi inahitaji mtu yule yule aonekane mara nyingi. Mpe mtu picha tatu: mtoto amelegea mapajani mwa mama yake, mama anamnywesha dawa ya kurudisha maji mwilini, mtoto anacheza. Wewe unaona mtoto mmoja na siku mbili. Mwenzako anaweza kuona watoto watatu. Basi mchoraji humfunga kila mhusika kwa alama. Mama ana kitenge chenye madoa makubwa, na madoa hayo hayabadiliki hata asubuhi iwe jioni. Mtoto ana fulana nyekundu iliyochanika begani. Ule mchaniko ni kazi ya akili kubwa, maana fulana nyekundu ziko nyingi na mchaniko ni mmoja.

Halafu kuna swali la wapi pa kuanzia. Tunachukulia kwamba picha zinasomwa kutoka kushoto kwenda kulia. Buyenzi mtoto huenda madrasa akasoma Kurani kutoka kulia kwenda kushoto, na siku hiyo hiyo akaenda shule akasoma Kifaransa kutoka kushoto kwenda kulia. Yeye hana tatizo, macho yake yamezoea njia zote mbili. Lakini mchoraji anayepanga picha tatu kwa mstari ukutani Buyenzi afikirie kwamba kuna watakaomwona mtoto akianza kwa kucheza na kuishia kwa kulegea. Kitabu cha kurasa za kugeuza kinalikwepa tatizo hilo lote: picha moja kwa wakati, na mkono wa msimulizi ndio unaoamua kipi kinafuata.

Sasa niseme jambo ninaloliona kuwa kiini cha ufundi huu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Shirika la Afya Duniani pamoja na mpango wa maji wa UNDP na Benki ya Dunia walitengeneza njia ya kufundisha usafi iitwayo PHAST, ikajaribiwa kwanza Kenya, Uganda, Botswana na Zimbabwe. Ndani yake kuna zoezi ambalo kwa Kiswahili tungeliita hadithi yenye pengo. Watu huwekewa michoro miwili. Wa kwanza ni mtaa mchafu, maji yametuama, watoto wanacheza kwenye taka. Wa pili ni mtaa ule ule umebadilika. Katikati hakuna kitu. Kisha wanapewa rundo la michoro midogo, mtu anachimba, watu wamekaa kikao, mwanamke anabeba matofali, fundi anafunika kisima, na wao ndio wanaopanga mtaa ulitokaje kule ukafika huku.

Hapo mchoraji amefanya kitu ambacho mwandishi hukifanya kwa shida sana. Amenyamaza mahali pa haki. Angeweza kuchora hatua zote kwa mpangilio, na watu wangezitazama kwa adabu na kurudi nyumbani. Badala yake amechora mwanzo na mwisho kwa uangalifu mkubwa, nyumba ile ile, mti ule ule wenye tawi lililovunjika, ili pasiwe na shaka kwamba ni mahali pamoja, kisha akaliacha pengo lifanye kazi. Watu hawalipendi pengo. Watabishana hadi walijaze. Mmoja atasema kikao kwanza, mwingine atasema wamekaa vikao vingi na mfereji bado haujachimbwa, aanze anayechimba. Kwa wahudumu wetu wa jamii, abaremeshakiyago kama wanavyoitwa kwa Kirundi, wanaofanya kazi katika mitaa iliyo karibu na ziwa ambako kipindupindu si mgeni, mabishano hayo yana faida kuliko saa nzima ya mawaidha.

Picha inayoacha nafasi ya sauti si jambo la wataalamu wa mashirika peke yao. Lubumbashi, mnamo 1973 na 1974, mchoraji Tshibumba Kanda Matulu alichora historia ya Kongo kwa picha takriban 100 na kumsimulia mwanaanthropolojia Johannes Fabian, kwa Kiswahili cha Shaba, kila picha inasema nini. Fabian alirekodi mazungumzo hayo na mwaka 1996 akayatoa katika kitabu pamoja na picha zenyewe. Ukizitazama peke yake ni michoro iliyonyooka: askari wamepanga mstari, ndege, mkutano, mtu anachapwa viboko. Ukisoma maneno ya Tshibumba unagundua kwamba picha ni nguzo tu za kuegemeza simulizi, na simulizi ndiyo nyumba. Alijiona mwanahistoria. Nadhani alikuwa na haki, na alijua kwamba mtu akisimama mbele ya picha, hata mgeni, atauliza, na kuuliza huko ndiko kunakofungua mlango wa historia.

Burundi ilikuwa na sababu zake nzito za kuhitaji picha za kuulizana. Baada ya kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye Oktoba 1993, mitaa ya Bujumbura ikagawanyika kwa kabila, huyu hawezi kupita Kamenge, yule hawezi kupita Ngagara, na vijana ndio waliotumwa kuilinda mipaka hiyo kwa mabomu ya mkono. Miongoni mwa waliokataa walikuwa vijana wa chama cha Jamaa, Wahutu na Watutsi pamoja, ambao kwa ushirikiano na shirika la Search for Common Ground walitoa kitabu cha katuni, Le Meilleur Choix, juu ya vijana wanavyovutwa kwenye mauaji na wanavyoweza kukataa.

Huwa nalifikiria tatizo la kalamu katika hadithi ya namna hiyo. Wakoloni walitufundisha kupimana pua na kimo. Mchoraji akichora kwa ukamilifu, kila pua atakayoichora itasomwa, na msomaji wa kila upande atatafuta wa kwake na adui yake kabla hajageuza ukurasa. Mstari mwepesi unatoa njia. Uso wa mviringo, nukta mbili, mdomo mmoja, hauna kabila. Unaweza kuogopa, kuchukia, kujuta, na yeyote anaweza kuuvaa. Sijui ufundi mwingine ambao kwa kupunguza tu unaweza kumzuia msomaji asimhukumu mtu kwa sura yake. Katika mji wetu, hilo si suala la mtindo wa kuchora.

Lakini nikiulizwa ni wapi ufundi huu umefika mbali zaidi karibu na Bujumbura, nitanyoosha kidole mashariki, kwenye milima ya Mumirwa inayouangalia mji. Maji yote yanayotupitia hutoka huko: Ntahangwa, Muha, Kanyosha na vijito vyake. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Februari 2014 mvua ilishuka na matope na mawe hadi Kamenge na Kinama, watu zaidi ya 60 wakafa. Mkulima anapolima mlimani bila mtaro wa kuzuia maji, udongo wake unapotea kwake na unafika kwetu.

Katika miaka hiyo hiyo watafiti wa Chuo Kikuu cha Wageningen cha Uholanzi, pamoja na washirika wao wa Burundi, walianza kazi waliyoiita Plan Intégré du Paysan, na kifupi chake, PIP, ndicho kilichoshika vinywani. Kati ya 2015 na 2019 mradi wa PAPAB uliogharamiwa na Uholanzi uliieneza katika mikoa kadhaa. Mambo ya kilimo yamo humo mengi, ila mlango wa kuingilia ni mchoro. Familia nzima, baba, mama na watoto, hukaa na karatasi kubwa na kuchora shamba lao lilivyo leo. Kisha huchora karatasi ya pili, shamba lile lile wanavyotaka liwe baada ya miaka michache. Kati ya karatasi hizo mbili ndipo mpango wa kazi unapozaliwa. Ni hadithi yenye pengo ile ile, tofauti ni kwamba safari hii wachoraji ni wenye hadithi.

Hawa si wachoraji. Wengi wao hawajashika kalamu tangu utotoni, na wengine hawajawahi kuishika. Hata hivyo michoro yao ina mambo ambayo mwanafunzi wa chuo cha sanaa angetafuta muda mrefu kuyapata. Ukubwa hauendi kwa vipimo, unaenda kwa uzito wa jambo moyoni. Ng'ombe anazidi nyumba. Njia ya kwenda kuteka maji, ikiwa mama ndiye aliyeshika kalamu, inakata karatasi yote na kupinda mara mbili. Ikiwa baba ndiye aliyeichora, ni kistari kifupi pembeni. Mwezeshaji anayejua kazi yake hagusi vipimo hivyo. Anauliza tu, "Njia hii ni ndefu hivi kweli, mama?" na baba anasikiliza jibu.

Halafu kuna mteremko. Unauchoraje mlima kwenye karatasi iliyolala mezani? Wachora ramani wana mistari yao ya kontua. Mkulima hana haja nayo. Yeye huchora kwanza mistari inayoshuka, korongo ambalo mvua imelichimba kutoka juu hadi ukingo wa chini wa shamba, na mara nyingi hulikandamiza kwa kalamu hadi karatasi inakaribia kutoboka. Kwenye karatasi ya pili mistari inalala. Mitaro inavuka shamba kutoka upande hadi upande, na juu ya kila mtaro kuna vijistari vifupi vilivyosimama, mabingobingo ya kushika udongo na kulisha ng'ombe. Ukiziweka karatasi hizo mbili pamoja huhitaji mtu akueleze. Leo mistari inakimbia kwenda chini. Kesho imelala na imeshika. Nimewahi kusoma taarifa nene za mmomonyoko wa udongo ambazo hazikufika hapo.

Na kwa kuwa shamba la kawaida la Burundi ni kama nusu hekta tu, karatasi inajaa upesi. Hapo ndipo mchoro unapokuwa mkweli bila huruma. Kwa mdomo unaweza kuwa na migomba, mihogo, kahawa, zizi, nyumba ya mabati na bwawa la samaki. Kwa kalamu, ukishachora migomba, mihogo inatafuta pa kukaa. Familia inajifunza kuchagua kwa sababu karatasi imekwisha.

Njia hiyo haikuishia Burundi. Watu wa Wageningen waliipeleka Uganda pia, kwenye miteremko ya Mlima Elgon, ambako nako ardhi huteremka na mvua. Na huku kwetu ilikuwa inapita kutoka nyumba hadi nyumba: waliotangulia kuchora ndio waliowafundisha majirani zao, kwa kuwaonyesha karatasi zilizobandikwa ukutani na shamba lililo nje ya mlango, yote mawili kwa pamoja, jirani akahakikishe mwenyewe kilichotimia na kilichobaki.

Mabishano makali zaidi, ukikaa na familia zinazochora, huwa juu ya mahali pa ng'ombe ambaye bado hajanunuliwa. Mama anamtaka nyuma, karibu na shimo la mbolea na mabingobingo, asibebe majani na samadi kuzunguka nyumba. Baba anamtaka mbele, wapitao wamwone. Ng'ombe anachorwa, anafutwa, anachorwa tena, mtoto anamwongezea pembe, na kabla hajatulia mahali pamoja wameshazungumza nani atakata majani, nani atauza maziwa na fedha zitashikwa na nani. Kwa hiyo mkufunzi mwenye busara hugawa penseli na kifutio kwanza. Kalamu za wino mzito huziacha mfukoni mpaka ng'ombe apate pa kulala.